Kisanduku Sebuleni kwa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Bosi katuita wote chumba cha mikutano, hata dada wa kutupaka poda. Uso kaukunja. Habari yenyewe: kampuni ya kebo itabakiza chaneli moja tu ya michezo kwenye kifurushi cha bei nafuu. Moja! Nyingine itapelekwa kwenye kifurushi cha wenye nazo — yaani itazikwa. Wataamua kwa fainali ya Jumapili. Sisi na wale wa Ng'ambo tunaionyesha sote, mechi ileile, saa ileile. Atakayetazamwa zaidi ndiye atakayebaki. (Ng'ambo ndiyo jina tulilowapa washindani wetu. Jengo lao liko upande wa pili wa barabara, na bango lao linanitazama dirishani kutwa nzima.)

Ng'ambo wametangaza kwamba wataanza matangazo saa sita mchana. Bosi kaamua sisi tuanze saa tano. Nikasema tukienda hivi tutawaonyesha wachezaji wakipiga mswaki. Hakuna aliyecheka. Fundi wa sauti alikuwa anang'ata kucha — mkewe kajifungua mapacha juzi tu.

Na mtangazaji wao wa fainali ni nani? Kinanda! Mdogo wangu wa tumbo moja. Mwaka sasa tangu avuke barabara. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipaza sauti!

Jumatano, 5 Juni

Jana nilimsikiliza Kinanda kwenye nusu fainali. Bao likaingia, akapiga ukelele: "Nyavu zimeamka!"

Lile ni langu! Nimelisema tangu niko redioni, watoto wa mtaani wananiita kwa jina hilo. Nikampigia simu papo hapo. Kacheka. Eti dada, maneno hayana mwenyewe. Nikamkatia.

Leo hesabu ya watazamaji wa wiki imetoka. Ng'ambo wametuzidi kidogo, kidogo kabisa. Bosi katueleza tena kama darasani: wale wapimaji wa watazamaji hawapimi kila nyumba. Wamefunga visanduku kwenye nyumba chache za siri, na kila kisanduku kinahesabiwa kama maelfu ya nyumba. Nyumba mbili tatu tu zingebadili chaneli, anasema, leo tungekuwa tunakunywa soda. Akapiga meza. Soda yenyewe hakuna aliyeiona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetoka kwa mama.

Nilikwenda kumsalimia tu. Nakaa kitini, naona chini ya televisheni, nyuma ya maua yake ya plastiki, kitu cha kijivu chenye vitufe na kitaa cha kijani. Nikauliza ni nini. Mama akajifanya hasikii, akaenda jikoni kufunika sufuria ambayo ilikuwa imeshafunikwa. Nikakigeuza. Kibandiko cha wale wapimaji, na namba yao ya simu.

— Mama!

Akatoka anajifuta mikono kwenye kanga. Akasema aliambiwa asimwambie mtu yeyote, kwa hiyo mimi nami nisijitie kujua. Nikamuuliza, hawakukuuliza kama una ndugu anayefanya kazi ya televisheni? Walimuuliza. Akasema hana. Kwa nini, mama? Kwa sababu yule kijana alikuwa mpole, amepanda ngazi zote zile na mabegi yake, sasa amrudishe mikono mitupu?

Nyumba ya ndugu wa mtangazaji hairuhusiwi kupimwa. Yeye amewazaa wawili! Nilicheka hadi machozi, halafu nikaogopa.

Huwa anatazamaje sasa? Kipindi cha kwanza kwangu, cha pili kwa Kinanda. Ndivyo alivyotugawia kila kitu, mkate hadi viboko.

Hapo ningenyamaza. Ningekunywa chai yangu nikaenda zangu. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia, Jumapili usigawe, mama. Ni kazi yangu. Ni kazi ya watu wote pale, kuna mtu ana mapacha. Akayarudisha maua yake mbele ya kile kisanduku. Kisha akasema:

— Haya, mwanangu. Kwako mwanzo mpaka mwisho. Ila Kinanda asijue.

Kabla sijaondoka nilikipiga picha kile kibandiko. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Juni

Usingizi wa mang'amung'amu. Si wizi. Mama ana haki ya kumtazama mwanawe. Ndiyo, ana haki — ya kuwatazama wawili.

Bosi kasogeza tena. Tunaanza saa nne. Nilitaka kumweleza fundi wa sauti, nikameza. Nilimwona Kinanda kwenye geti la Ng'ambo, anashuka kwenye gari. Kakonda. Tulipungiana mikono, barabara katikati yetu.

Jumapili, 9 Juni

Naandika uwanjani, kwenye kibanda cha watangazaji. Mechi imesimama! Mvua, radi, refa kawaingiza wachezaji ndani. Moja bila. Lile bao nililiita vizuri sana, mwenyewe nilisisimka. Sasa hewani wapo wachambuzi wetu wawili studio, wanabishana polepole ili muda uende.

Nimempigia mama.

— Unatazama, mama?

— Natazama, mwanangu. Lile bao umelitangaza vizuri.

Na nyuma yake, kwenye televisheni yake, marudio ya bao. "Nyavu zimeamka!" Sauti inapanda, halafu inakatika mwishoni. Si yangu. Yangu haikatiki.

Nikamwambia hiyo si sauti yangu. Mama kashusha sauti, kana kwamba Kinanda angemsikia kutoka humo ndani:

— Anatetemeka, hebu msikie. Tangu ameanza leo anatetemeka. Nimeshindwa kumwacha peke yake.

— Uliniahidi, mama.

— Nilikuahidi. Lakini wewe utapata kazi popote. Wewe hata ulipoanza kutembea hukutaka kushikwa mkono.

Nikakata simu. Nina hasira. Nina wivu, niuite jina lake. Miaka yote hii nasimama wima ili mama ajivunie, kumbe ndiyo maana hanitazami!

Mvua imepungua. Bosi kwenye spika za masikio: jiandaeni, wanarudi uwanjani. Kampuni ya kebo inamtumia hesabu za papo kwa papo. Tumepitwa. Kidogo tu, anasema. Nyumba mbili tatu.

Ile picha nimeifungua. Neno moja kwa wapimaji na nyumba ya mama inafutwa kwenye hesabu leo hii. Watakwenda kukichukua kisanduku. Watampandia ngazi, watamuuliza kwa nini alisema hana mtoto kwenye televisheni. Naijua sura atakayokuwa nayo mlangoni.

Wachezaji hao wanatoka. Namba ya wapimaji nimeiandika kwenye simu, imebaki tarakimu ya mwisho. Fundi wa sauti kanionyesha vidole vitano, yaani dakika tano turudi hewani, nikamwambia subiri. Kauliza nampigia nani tena sasa hivi.

Nimemwambia, mama.