Shemeji na Kitasa Changu

Ndugu yangu, niko kwenye basi, mji umeshabaki nyuma, na sijui nashukia wapi. Kama kawaida yangu.

Shemeji kanifukuza! Leo asubuhi, mbele ya dada yangu, eti: "Mzee, Mungu amenionyesha muda wako hapa umekwisha." Amemwonyesha!

Nilisema tu, Mungu wangu, mimi niongoze, na huyu mpe haki yake.

Sasa sikia. Kanipigia sasa hivi! Kaingia kukipima chumba changu apangishe, upepo ukabamiza mlango. Kitasa nilikifunga mwenyewe juu chini, kwa hiyo mkono wa kitasa unainuliwa, haubonyezwi. Miaka mitatu hajakanyaga mle, atajuaje?

"Shemeji, kinafunguliwaje?"

Nikamwambia, "Mwombe Mungu akuonyeshe na mlango." Nikakata!

Akuonyeshe na mlango! Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

Nimefika. Dada kanipigia: shemeji katoka kwa kupitia dirishani, suruali imechanika. Dada kagoma kuishona. Chumba kitupu. Mimi nimeshuka kituo cha mwisho, nyumba ya wageni ya hapa ina vitasa kumi na viwili vibovu. Wamenipa kazi na kitanda.