Orodha Tatu za Somo Moja

Dada yangu,

Mgongo umepoa? Huku hatujambo. Paka kazaa ndani ya boksi la mitihani ambayo sijasahihisha, kwa hiyo nina kisingizio.

Wiki hii kila mhadhiri anapeleka maktaba orodha ya vitabu vya somo lake, viandaliwe kabla wanafunzi hawajarudi. Jana nilipeleka yangu. Mkutubi akacheka kwa adabu: "Mwalimu, hii ni ya tatu. Tufuate ipi?"

Nikamwambia asinitanie. Akazitandaza mezani. Zote mwandiko wangu, zote sahihi yangu, na kila moja ina vitabu tofauti. Moja ina kile nilichosomea mwenyewe nikiwa mwanafunzi, na hakichapwi tena. Nikasingizia kazi nyingi, nikazibeba zote, nikatoka. Nimezisoma mpaka kichwa kinazunguka, na bado sijui ni ipi niliyoikusudia.

Wewe ndiye uliyemuuguza mama. Alianzaje kusahau? Alikuwa na umri gani? Usinifiche, dada, mimi si mtoto.

Na kama nimeshakuandikia haya, niambie ni mara ngapi.

Mdogo wako,
kitinda mimba