Jina Langu Kwenye Kaburi la Babu Yako

Hierapoli, mtaa wa watia rangi sufu
Siku ya nne baada ya kukamua zabibu

Mpendwa mjukuu wangu Apfia,

Amani ya Bwana ikukute huko Efeso ukiwa mzima. Kile kikohozi kimekuachia? Mtoto ananyonya? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Anayeniandikia ni mzee Onesimo, msomaji wetu kanisani. Nimemkataza kunipambia maneno.

Babu yako tumemzika, uso mashariki, atakakotokea Bwana. Amelala ubavuni mwa Tatia, mke wake wa kwanza. Jiwe lina majina yao wawili, na onyo kwamba asizikwe mwingine.

Kosa ni langu. Siku lilipochongwa, babu yako aliniuliza, "Mama Meltine, nawe uandikwe?" Nikamjibu kwa maringo, "Niandikwe ya nini? Mimi Bwana atanikuta nimesimama!"

Sasa juzi mzee wa kanisa, Zotiko, katufundisha kwamba Bwana akija, waliolala wataamka kwanza, ndipo sisi tulio hai tutachukuliwa. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikaona wivu. Yaani Tatia, aliyeishi naye miaka mitatu, ndiye atakayempangusa vumbi ndevuni, na mimi niliyempikia miaka arobaini nifike nyuma kama mgeni?

Nikauliza, "Watatutangulia kwa muda gani?"

"Kufumba na kufumbua, mama."

"Humjui Tatia wewe! Huo unamtosha."

Walicheka mpaka Zotiko akasahau sala. Mimi sikucheka.

Nikaenda kwa mjomba wako Gliko, mwana wa Tatia, mwenye kaburi lile. Akanitania, "Mama, si ulisema wewe hufi?" Nikaangua kilio pale pale mlangoni, mbele ya mkewe. Gliko, mtoto wa watu, akaona haya. Jana amemleta mchonga mawe. Nimeandikwa! Tatia kulia, mimi kushoto.

Lakini jina bila mwili ndani halinisaidii. Kanisani wote tunaomba, "Njoo, Bwana!" Nami napaza sauti kuliko wote. Kisha kimoyomoyo naongeza: ngoja kidogo, Bwana, nilale kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kuniona, njoo kabla ya baridi.

Mama yako Meltine anakusalimu. Nisalimie mumeo Herma na mama mkwe wako. Mbusu mtoto utosini. Bwana akutunze mpaka siku ile, wa kuamka na wa kusimama tukumbatiane.

Bibi yako akupendaye kuliko wote, usibishe,
Amia