Papa Furaha Hana Mtoto

Jumamosi, Oktoba 2007. Mvua tangu asubuhi.

Nina miaka sabini na nane. Wabelgiji wameondoka mimi nikiwapo. Zaire imezaliwa ikafa mimi nikiwapo. Vita vimepita, mke wangu nimemzika, na meno yangu bado ninayo. Shule niliacha darasa la tatu, lakini blogu hii naandika mwenyewe, kidole kimoja, simwombi mtu.

Leo nimejiaibisha.

Kanisa lilitupeleka kwa basi kuona nyumba ya mabwana wa zamani, nje ya Birmingham. Ukutani kuna picha za wafalme, na ukoo mzima wa wenye nyumba umechorwa, baba juu, watoto chini, kwa mistari ya dhahabu. Mama mmoja Mzungu alikuwa anaeleza. Binti yangu Furaha anatutafsiria, maana Kiingereza chetu sisi wazee ni cha dukani.

Akafika kwa yule mfalme mnene aliyeoa wake sita akitafuta mtoto wa kiume. Nikamkatiza. Nikasema, Furaha, mwambie mambo ya ufalme nayajua, babu yangu alikuwa wa nyumba ya mwami, mfalme wetu, na kwetu mwami anazaliwa ameshika mbegu mkononi. Furaha akasema yote. Wazungu wakageuka kunitazama. Kifua kikajaa.

Nikaongeza: "Mwambie, huyo mfalme namwelewa sana. Na mimi ukoo wangu unaishia hapa. Sina mtoto."

Wazee wa kwetu tunasema hivyo. Mwenye mabinti tu anasema hana mtoto, na watu wanaelewa.

Furaha akatafsiri. Asubuhi yote alikuwa anasema "my father". Hapo akasema "the old man", mzee tu. Hata Kiingereza changu cha dukani kilisikia.

Yule mama akanipa pole. Halafu akaonyesha picha ya mwanamke mwenye nywele nyekundu: huyu ni binti wa mfalme huyohuyo, alitawala zaidi ya miaka arobaini. Furaha akatafsiri na hayo, akitazama ukuta.

Kwenye basi Mama Neema wa kanisani kwetu akapaza sauti: "Mzee, kama hauna mtoto, sisi tunakuitaka Papa nani?"

Basi zima likacheka. Furaha hakucheka.

Huyu ndiye aliyehangaikia karatasi mpaka nikatoka kambi ya wakimbizi nikaja huku. Akimaliza kazi anapanda mabasi mawili toka kwake Erdington kuja kwangu Sparkbrook kunisongea fufu, kwa sababu mimi nakataa mkate. Leo aliniacha mlangoni. Hakuingia.

Sijala. Si kwamba sina chakula.

Kesho baada ya ibada nitapanda basi niende kwake, hata kama mvua. Sijawahi kumwomba msamaha mtoto niliyemzaa, sijui mtu anaanzia wapi.

Anayedhani natunga amuulize Mama Neema, alisimama nyuma yangu. Au amuulize Furaha mwenyewe, kama atakubali kusema ananijua.