Futa Damu Kabla Hujagusa Kompyuta Mpya

Kitindamimba,

Ukirudi usivue viatu, vioo vya kompyuta ya zamani vimetapakaa mpaka chini ya kochi. Damu ya ukutani ifute kwa maji baridi. Pasi nimeificha, usiitafute.

Nimempeleka kaka yako hospitali. Mdomo umechanika na jino la mbele limeng'oka. Mpiga picha mzima, unakuta picha za harusi za wateja hazimo kwenye kompyuta ya zamani, basi unamrukia mwenzio na pasi kama umefumania mwizi. Ulipoinyanyua mara ya pili, aliyekupiga mkononi kwa mwiko ni mimi, na ningeuvunja mkono huo. Kama umevimba, barafu ipo kwenye friji.

~~Leo usilale hapa.~~ Ufunguo uko pale pale.

Kaka yako aliamka kabla yetu, akahamishia kila kitu kwenye kompyuta mpya, kisha akafuta ya zamani ili anipe mimi. Alitaka uamke ukute kazi imekwisha. Ulipouliza picha ziko wapi alianza kukujibu, hukumwacha amalize. Wewe ulipokimbia, alibaki kunionyesha kompyuta mpya kwa kidole. Nimeiwasha. Zimo zote, na kila harusi kaiandikia majina ya maharusi.

Jino hatukuliona. Litafute taratibu kwenye hivyo vioo, usilisugue, litie kwenye kikombe cha maziwa uje nalo hospitali haraka. Mimi sitalipokea. Utampa mwenyewe.

Mama yenu, wote wawili