Picha ya Mchana

Aberdeen, 8 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai u mzima na nyumba yetu ya mtaa wa Jebel iko salama. Mimi sijambo, ila baridi inanitafuna mifupa.

Umeniomba tena picha ya uso wangu mchana, si ya taa, uone kama kweli nimefanana na Mama siku hizi. Baba, mchana wenyewe siuoni. Naenda gizani kuwahudumia wazee kwenye makao ninakofanya kazi, natoka gizani, na siku ya mapumziko nalala fofofo. Kusema kweli uso umechoka, sitaki uuone hivi. Wenyeji wanasema tarehe 21 ndiyo siku fupi kuliko zote, kisha mwanga unarudi. Dirisha langu linatazama mashariki. Nitakupigia picha hapo, asubuhi nzuri.

Nisalimie dada Eseza wa dukani.

Mwanao,
Moraa

Juba, 14 Desemba 2024

Moraa, mama yangu,

Salamu kwako wewe mwenye jina la mama yangu. Mimi mzima wa kutosha. Barua yako Eseza ameichapisha kwa herufi kubwa, kama nilivyomwomba, na hii ataipiga picha akutumie.

Hao wenyeji wako wamekupa nusu ya habari. Kaa kitako, mwalimu wa jiografia hastaafu. Saa ya ukutani huhesabu kila siku sawa, lakini jua halihesabu hivyo. Mwezi huu dunia iko karibu na jua kuliko kawaida, inakwenda mbio njiani mwake, tena imeinama. Kwa hiyo kila siku jua hufika utosini limechelewa karibu nusu dakika kuliko jana. Kuchelewa huko husogeza mbele macheo na machweo yote mawili. Siku kufupika nako huchelewesha macheo, lakini huwahisha machweo. Asubuhi wawili hawa huvuta kamba upande mmoja, jioni hushindana. Ndiyo maana jioni zako zinageuka wiki hii, kabla hata ya hiyo tarehe 21, na asubuhi zitazidi kuwa nzito hadi karibu na mwaka mpya.

Hapa Juba urefu wa siku haubadiliki sana, basi kule kuchelewa ndiko kunatawala. Tangu Novemba jua linachelewa kuchomoza, na linachelewa pia kuzama nyuma ya mlima wa Jebel Kujur. Litaendelea hivyo hadi mwisho wa Januari.

Kwa hiyo usingoje asubuhi. Omba ruhusa siku moja utoke mapema, upige picha kabla jua halijatua. Uchovu wa uso haunisumbui, nimekuona ukiwa na surua. Usikawie, mama.

Baba yako,
Alfayo

Aberdeen, 30 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Heri ya sikukuu. U hali gani? Mimi naendelea.

Ulisema kweli. Tarehe 21 imepita na asubuhi ni nzito kuliko ile siku yenyewe. Nilisimama dirishani na chai yangu nikalia kama mtoto aliyedanganywa. Jioni zimeongezeka kidogo, ila zinanikuta ndani nikiwalisha wazee. Ruhusa sikuomba, kwa sababu naitunza kwa ajili ya mtihani wa masomo yangu, mwezi Machi. Nivumilie, asubuhi zikifunguka nitakutumia picha.

Mwanao,
Moraa

Juba, 19 Januari 2025

Moraa mama,

Salamu. Mimi mzima. Soma vizuri, mtihani ndio kwanza, mimi sina shida yoyote.

Huku jioni zinawahi mno siku hizi. Saa kumi na moja tayari naomba taa, na Eseza ananicheka. Picha naingoja. Ukipata nafasi.

Baba

Aberdeen, 21 Januari 2025

Baba,

Leo sikuulizi hali kwa desturi, nakuuliza kweli. Jioni za Juba haziwezi kuwahi Januari. Wewe mwenyewe umenifundisha: zinachelewa hadi mwisho wa mwezi huu, na Jebel Kujur haijaongezeka kimo. Nimeirudia barua yako. Mistari imepandana, neno juu ya neno. Nilidhani uliandika kwa haraka.

Baba, macho yako yana nini? Nijibu leo.

Moraa

Aberdeen, 31 Januari 2025

Baba yangu,

Hujajibu, na dada Eseza ananiandikia tu kwamba mzee atasema mwenyewe. Nimebadilishana zamu. Leo asubuhi jua limeingia dirishani, nami hii hapa picha, uso wote uko kwenye mwanga. Sikujipaka chochote. Tazama, Baba. Tafadhali niambie umeiona.

Mwanao,
Moraa

Juba, 9 Februari 2025

Moraa, mama yangu,

Salamu nyingi. Mkono huu ni wa Eseza, maneno ni yangu.

Ni presha ya macho. Oktoba daktari aliniambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa. Nilikuficha kwa sababu nakujua, ungeacha masomo ukapanda ndege. Usipande. Fanya mtihani kwanza, kisha uje, mimi nipo. Na usijilaumu. Ningekuambia ukweli ungeomba ile ruhusa siku hiyohiyo. Kosa ni langu.

Kila asubuhi Eseza ananitolea kiti mlangoni, nangoja joto shavuni. Jua limekwisha kugeuka huku. Kuanzia sasa litaanza kuwahi.

Picha yako ilifika siku ileile. Kwangu ilikuwa weupe tu, kama karatasi. Nikamwomba Eseza anisomee uso wako. Akasema, “Mzee, huyu mutoto iko muzuri, lakini amekonda.” Akasema kuna kovu kwenye nyusi, hilo nalijua, ni la baiskeli. Akasema macho umeyafinya kwa sababu ya jua, na unakaribia kucheka au kulia, yeye hajui lipi.

Nikamuuliza kama umefanana na mama yako. Akanirudishia picha mkononi. Eseza alipohamia hapa, mama yako Santina alikuwa ameshazikwa; hakuwahi kumwona.

Baba yako,
Alfayo