Siku ya saba ya kukaa kimya

Jumatano, magaribi

Na sikufungua macho! Dakika kumi zote, hata kama Maman Furaha alitaka kuniharibia.

Mujukuu wangu Neema, ule anayefanya kazi hospitali, alinionya: tension, ile presha ya damu, isiposhuka, sitapanda tena mulima kwenda sokoni. Naogopa, nisidanganye. Mie nifungwe nyumbani kama kuku mugonjwa? Ndiyo maana kila asubuhi ninakaa kwa mukeka na kuhesabu pumzi. Inachosha kuliko kulima mihogo.

Leo jirani yangu Maman Furaha akanikuta chini, bila kitambaa kichwani, kimya. Akadhani niko kwa matanga. Akajitupa kando yangu: "Yoo! Maman Nsimire, nani amekufa?"

Nikaendelea kuhesabu: pumzi ya makumi mbili. Akazidi kulia, akamulilia mpaka marehemu bwana yangu, mutu ambaye hakuwa anamusalimia hata. Kidogo nicheke.

Nilipomaliza nikamuambia: "Hapa hakuna maiti. Ninatuliza roho."

"Na machozi yangu?"

"Rudisha kwako."

Akapangusa uso, akauliza inafanywa namna gani. Kesho atakuja. Nimemuambia alete mukeka yake, mudomo auache nyumbani.